Pango Lililotafutiwa Jina

Kaeni vizuri, walio nyuma wasogee mbele, na mwenye usingizi akanawe uso, kwa sababu leo kazi si yangu peke yangu. Mimi nitasimulia. Hukumu mtaitoa nyinyi.

Palikuwa na marafiki wanne katika kijiji cha Kiwambani, upande wa mashariki wa Pemba, ambako pwani si ya mchanga mweupe wa kupigia picha. Ni pwani ya majabali. Jabali limesimama kama ukuta, bahari imelila chini likabaki limening'inia, na juu lina meno; ukiteleza hapo, ngozi ya kisigino unaiacha. Marafiki hao waliunganishwa na mchezo mmoja. Kila Jumamosi, kazi zikiisha, walizibeba kayaki zao begani, vile vyombo vyembamba vya mtu mmoja vinavyokwenda kwa kasia lenye mabapa mawili, wakateremka nazo ufukweni, wakazunguka na majabali mpaka njaa iwarudishe nyumbani.

Kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Shaame alikuwa fundi pikipiki, na kipawa chake kilikuwa sikio. Pikipiki ikipita barabarani naye yuko ndani anakula, atasema bila kuinua kichwa, "Hiyo ya Hamadi. Mnyororo umelegea." Na kweli, kabla ya Alasiri Hamadi atakuja anaisukuma.

Bikombo alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, lakini alikulia mwambani akimfuata mama yake kutafuta pweza, na kipawa chake kilikuwa jicho la maji. Aliyatazama mawimbi kama mtu anavyowatazama majirani zake. "Wimbi kubwa haliji peke yake," alizoea kusema. "Huja na ukoo wake. Ukoo ukishapita, bahari hushusha pumzi. Hapo ndipo pa kupita."

Mbarouk alikuwa muoka mikate, na kipawa chake kilikuwa mikono. Si nguvu tu, maana wenye nguvu ni wengi. Mikono ya Mbarouk ilikuwa haijui kuachia. Kwenye matembezi yao yeye alikuwa wa mwisho siku zote, kayaki yake imejaa kamba, maji ya kunywa, na mikate ya kuwalisha wenzake. Walimwita Meli ya Mizigo, naye alicheka mpaka mabega yakatikisika.

Wa nne ni Mize, mwalimu wa hesabu, na kisa hiki ni chake. Kipawa cha Mize kilikuwa mwendo. Hakuna aliyewahi kumpita. Alikuwa akigeuka nyuma akawaona wenzake wadogo kama kunguru juu ya maji, akajisikia mwepesi, kama kwamba bahari yote ilitandikwa kwa ajili yake. Sifa ya mwendo ni tamu, jamani, na anayesifiwa kila Jumamosi mwisho hujisahau.

Basi Jumamosi moja walitoka, upepo unavuma, maji yanajaa. Bikombo akatazama mbele kwenye Rasi Mkia wa Taa, pale jabali linapojitokeza baharini kama mkia wa samaki aitwaye taa, akatikisa kichwa.

"Leo maji ya bamvua," alisema. "Yatapanda kuliko siku zote. Tuizunguke rasi kwa mbali."

"Nyinyi zungukeni kwa mbali," Mize akamjibu huku akicheka. "Mtanikuta upande wa pili nimeshakunywa madafu yangu na yenu."

Akatia kasia, huyo!

Alipofika rasini alikata njia, akapita ubavuni kabisa mwa jabali. Wimbi likaja nyuma yake. Halikumpiga, lilimnyanyua tu, taratibu, kama mama anavyomnyanyua mtoto, kisha likamrusha ndani ya mdomo wa pango. Kayaki ikapinduka, ikapiga ukuta, ikavunjika vipande viwili. Mize alikunywa maji, akaibuka kwa msaada wa jaketi okozi, akapapasa mpaka akapata kibaraza cha jiwe na kujikokota juu yake. Mkononi alibaki na kasia tu.

Pango lile lilikuwa na mdomo mwembamba. Kila wimbi lilipokuja lilikuwa likiuziba, ndani pakawa giza. Likirudi, mwanga wa kijani ukaingia tena. Maji yalikuwa magotini. Baada ya muda yakawa mapajani. Mize hakuhitaji kupiga hesabu ndefu kujua kwamba pango lile hujaa.

Alipiga kelele. Wimbi likaimeza sauti yake. Akapiga tena mpaka koo likakauka kwa chumvi. Hapo akashika kasia kwa mikono miwili akaanza kuugonga ukuta, na mikono yake, bila yeye kuiambia, ikaanguka katika mapigo ya msewe, ngoma aliyoisikia tangu angali mbelekoni. Tum, tum-tu, tum. Tum, tum-tu, tum.

Nje, wenzake watatu walifika rasini wasimwone mtu.

"Keshazunguka huyo," alisema Mbarouk.

"Tena anatucheka," alisema Bikombo.

Walikuwa wameshageuza vyombo vyao wamfuate huko upande wa pili. Shaame akainua mkono. "Nyamazeni."

"Nini?"

"Nyamazeni, nimesema!"

Alifumba macho. Kulikuwa na upepo, kulikuwa na mawimbi yanapasuka, kulikuwa na ndege. Chini ya hayo yote, mbali kama moyo wa mtu aliyelala chumba cha pili, Shaame alisikia msewe. "Bahari haipigi hivyo," alisema. "Huyo ni mtu. Yumo ndani ya jabali."

Akaisogeza kayaki kwenye ufa, akaruka, akapanda jabali peku. Juu alilala kifudifudi, sikio kwenye jiwe, akatambaa hivyo akichanika magoti, mapigo yakimwongoza, mpaka akakuta tundu lisilozidi mdomo wa chungu, pango linapumulia hapo. Na saa ile ile, chini, Mize alikuwa amekata tamaa ya kungoja. Maji yalikuwa kifuani. Alikuwa ameshalifungua jaketi ili apige mbizi, apite chini ya mdomo wa pango. Na lau angelijitupa, mawimbi yangelimponda ukutani kama embe.

"Mize! Usijitupe!" sauti ya Shaame, aliyekuwa akichungulia tunduni, ilimshukia kutoka juu. "Vaa jaketi lako! Njoo kwenye sauti yangu, huku juu kuna hewa! Bikombo anakuja!"

Mize alilia kwa furaha. Akasogea kwenye sauti.

Bikombo naye alishajifunga kamba ya Mbarouk kiunoni. Ncha ya pili alimwachia Mbarouk mwenyewe, aliyepata pa kusimama juu ya jiwe, kando ya mdomo wa pango. Bikombo akakaa ndani ya kayaki yake mbele ya mdomo ule, kasia magotini, akayatazama maji.

"Sasa?" Mbarouk aliuliza.

"Bado."

Mawimbi yakapita, moja, jingine, jingine, kila moja likipasuka kwa kishindo.

"Sasa, Bikombo! Mwenzetu anakufa!"

"Bado. Kuna shangazi yao mmoja nyuma."

Na kweli, shangazi alikuja, mkubwa kuliko wote, akalitikisa jabali. Alipopita, bahari ikashusha pumzi. Bikombo akatia kasia mara tatu za nguvu na pango likammeza.

Ndani alimkuta Mize ameng'ang'ania jiwe chini ya tundu, midomo imebadilika rangi. Bikombo alijua kwamba pumzi ya bahari ni fupi, na kwamba akichelewa watazikwa wawili. "Shoga, kamata hapa," alisema. "Kusalimiana tutasalimiana nje." Akamfunga kwa ile ile kamba, akamlaza juu ya kayaki nyuma yake, akageuza.

Walikuwa mdomoni kabisa, jua limeshawagusa usoni, lilipotokea wimbi lisilo la ukoo wowote, mtoto wa haramu wa bahari, likitoka pembeni. Kayaki ikapinduka. Wanawake wawili wakarudishwa ndani na wimbi kama makapi.

Hapo kamba ikakaza mikononi mwa Mbarouk.

Ilimvuta akaanguka kwa magoti. Akapachika miguu kwenye ufa. Kamba ikapita viganjani ikaondoka na ngozi, akaikunja kwenye mkono; ikamkata mkono, akaikunja tena. Wimbi jingine lilimfunika mzima, akapotea machoni pa Shaame aliyekuwa anateremka mbio kutoka juu. Shaame alidhani amebebwa. Maji yalipoporomoka, Mbarouk alikuwa pale pale, macho mekundu, anavuta. Mkono baada ya mkono, mkono baada ya mkono, kama anayevuta unga mzito kutoka kwenye pipa, mpaka vichwa viwili vikaibuka chini ya miguu yake, vinakohoa. Kukohoa kule kulikuwa kutamu kuliko taarabu.

Shaame alipofika aliwakuta watatu wamelala juu ya jiwe, wamekumbatiana, wanacheka na kulia. Akajitupa juu yao.

Waliporudi, kayaki zilibaki tatu, ile ya Bikombo ikiwa imeibuka yenyewe, imepasuka pembeni. Mbarouk hakuweza kushika kasia kwa viganja vile. Kwa hiyo Mize alikaa mbele kwenye kayaki ya Mbarouk, akamweka mwenyewe nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Mize akawa wa mwisho. Alikwenda polepole, amebeba mzigo, na hajawahi kuiona pwani ile ikipendeza kama siku hiyo.

Kumbe wanawake wa mwani, wale wanaoulima majini, walikuwa wamemwona Shaame akitambaa juu ya rasi na habari ilishafika kijijini. Walipoukaribia ufukwe walikuta kijiji kizima kimesimama. Vigelegele vikapasuka! Watu waliingia majini na nguo zao, wakawanyanyua wote wanne pamoja na kayaki, na wapigaji wakaanza kupiga msewe, ule ule. Mama yake Mize alimkumbatia mwanawe, kisha akawakumbatia wale watatu, kisha akamrudia mwanawe akampiga kibao cha mgongo, kisha akamkumbatia tena.

Ngoma ilipotulia na kisa chote kikishasimuliwa, Bi Time, kiongozi wa wanawake wa mwani, mwanamke ambaye sauti yake hufika mwambani kabla yake, alisimama juu ya ngalawa iliyopinduliwa.

"Sikilizeni! Kila jiwe la pwani hii lina jina, na kila ghuba ina jina. Pango lile halina, maana tangu mababu hakuna aliyeingia akatoka kutupa habari zake. Leo katoka mtu. Na desturi yetu mnaijua: aliyetolewa ndiye anayetaja jina, na hulitaja la yule aliyemtoa. Jina ni moja tu. Baharini hakuna nafasi ya kuita majina matatu. Haya, Mwalimu. Pango la nani?"

Ufukwe ukalipuka.

"Pango la Shaame!" walipiga kelele waendesha pikipiki. "Wenzake walishageuza vyombo kuondoka! Bila sikio lake mngekuwa mnatafuta maiti!"

"Pango la Bikombo!" walijibu akina mama aliowazalisha. "Kusikia alisikia, lakini alikaa juu kwenye jua. Ni nani aliyeitia roho yake ndani ya shimo lile?"

"Pango la Mbarouk!" walinguruma walaji wa mikate. "Kuingia aliingia, kutoka je? Bila mikono ile mngezika wawili! Mtazameni viganja!"

"Pango la Mize mwenyewe!" sauti ikatoka nyuma. "Asingeligonga, nani angelimsikia?"

"Si ndiye aliyejiingiza!" wakamjibu, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mimi nilisikia tu," alisema Shaame. "Mpe Bikombo."

"Mimi nilishindwa mlangoni," alisema Bikombo. "Mpe Mbarouk."

"Mimi nilisimama nje," alisema Mbarouk. "Mpe Shaame."

Walisema hivyo kwa nia njema. Lakini Mize aliwajua marafiki zake tangu utotoni, na kwenye pembe ya kila jicho aliona kitu kidogo kinachong'aa, kinachongoja. Nani asingependa jina lake liitwe na mabaharia baada ya yeye mwenyewe kuwa udongo?

Aliwatazama. Ile sauti iliyomshukia gizani ndiyo iliyomrudishia hamu ya kuishi. Ule mkono uliomfunga kamba ungeweza kukaa salama nje, na haukukaa. Vile viganja havitakanda unga kwa muda mrefu, na huenda visirudi kama vilivyokuwa. Ukitoa kimoja katika hivyo vitatu, Mize hayupo.

Mize akavuta pumzi, akasimama wima, akataja jina moja kwa sauti kubwa. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka kijiji cha pili, wote wanne wakabebwa begani, wakala biriani kwenye sinia moja, na urafiki wao haukupungua hata chembe. Jina lile linaitwa mpaka leo.

Mimi nalijua. Lakini silisemi, kwa sababu kila nikilisema mahali, nusu ya wasikilizaji husema Mize alihukumu sawa na nusu husema alikosea.

Basi wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe uliyeegemea mlango, na wewe mdogo unayejifanya umelala: sikio lililosikia, jicho lililoingia, mkono usioachia. Ungesimama wewe kwenye ufukwe ule, chumvi bado imo kooni mwako na kijiji kizima kinakungoja, ungelitaja jina la nani?