Safari Moja ya Nyumba ya Bibi Leokadia

Hapo zamani, nanyi msiniulize mwaka, palikuwa na kijiji kiitwacho Lukande katika bonde la mpunga, na kandokando yake mto wenye tabia mbaya. Mto ule ulikula ardhi. Kila masika uling'ata kipande cha ukingo, na kila masika nyumba ya Bibi Leokadia ilijikuta karibu zaidi na maji ingawa haikusogea hata hatua moja.

Niwaonye mapema. Hadithi hii niliwahi kuisimulia matangani, wafiwa wakasahau kulia wakaanza kubishana. Kwa hiyo kaeni vizuri, na aliyekaa na jirani mbishi ahame sasa hivi.

Bibi Leokadia alikuwa mjane wa miaka sabini na ushee, meno kamili na ulimi kamili. Alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza ni Fokasi, mkulima wa mpunga, mwenye ua mpana upande wa vilimani. Wa pili ni Eusebia, binti pekee, mchoma maandazi, aliyeolewa upande wa stesheni. Wa mwisho ni Desderi, seremala, kapera, aliyepanga chumba nyuma ya kanisa. Desderi alitengeneza majeneza, kwa sababu, alisema, hao ndio wateja wasiorudisha mzigo.

Masika moja mto ukala jiko la bibi. Alfajiri alikuta mafiga mawili, la tatu limekwenda na maji. Watoto wakaja mbio.

Fokasi akasema, "Mama, hamia kwangu."

"Kwa Domitila?" akauliza mama. "Mkeo ni mwema, sina neno. Lakini nikikaa jikoni kwake nitaomba chumvi, na mimi sijaomba chumvi tangu niolewe."

Eusebia akasema, "Basi njoo kwangu."

"Kwako kuna mumeo. Tangu lini mama mkwe akalala chini ya paa moja na mkwewe? Nikikohoa atasikia, akikoroma nitasikia. Asubuhi tutatazamana vipi?"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Lukande. Mkwe na mama mkwe waliheshimiana kwa umbali, hata wakikutana njiani mmoja aliingia majanini kumpisha mwenzake.

Desderi akasema, "Mimi nina chumba kimoja tu, mama, na sasa hivi kina majeneza mawili."

"Huko nitakwenda," akasema mama, "lakini si mwaka huu."

Kila mmoja alimtaka mama, na mama hakutaka paa la mtu. Ndipo Desderi akalitazama tela la kaka yake, lile la kukokotwa na trekta, akalizunguka mara mbili akilipima kwa mikono.

"Kaka," akasema, "mama anataka paa lake. Sisi tunamtaka kwenye nyua zetu. Tumjengee nyumba juu ya tela. Wakati wa kupanda akae kwako, wakati wa kuvuna akae kwa dada, kiangazi akae kwangu. Hatalala chini ya paa la mkwe wala hataomba chumvi kwa mtu."

Walicheka mpaka Eusebia akashika mbavu. Kisha wakamwangalia mama. Mama hakuwa anacheka. "Iwe na dirisha," akasema.

Sasa sikilizeni jinsi ilivyojengwa, maana walikuwa watu wa mfuko mwembamba, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Fokasi alitoa tela. Msilione dogo hilo. Tela lile ndilo lililomtolea mpunga shambani, na mwaka ule aliutoa kwa baiskeli, gunia moja moja, akisukuma kwenye tope. Domitila alinuna siku tatu. Siku ya nne akaleta blanketi la mama mkwe.

Eusebia alitoa bati na mbao. Hakuwa na bati dukani wala ghalani. Alipanda ngazi akavua paa la jiko lake mwenyewe, bati kwa bati, akang'oa na kenchi zake. Tangu siku hiyo alichoma maandazi uwanjani, na mvua ikinyesha mumewe alisimama nyuma yake akimshikia mwavuli. Na maandazi yenyewe, nusu yaliliwa na wajenzi.

Desderi alitoa mikono, akajenga palepale uani kwa mama. Hakupokea kazi nyingine mwezi na nusu. Watu waliokufa Lukande kipindi hicho walizikwa kwa majeneza ya kijiji cha jirani, na ndugu zao walilalamika. Misumari aliichomoa kwenye mbao kuukuu akainyoosha juu ya jiwe. Dirisha alilitoa kwenye kabati la vyombo lililovunjika. Rangi aliomba mabaki ya makopo, kwa hiyo nyumba ikawa ya kijani upande mmoja na buluu upande mwingine, na mlango ukawa rangi ambayo hakuna aliyeweza kuitaja.

Mama alipomwona anampima kwa kamba, kuanzia utosi hadi kisigino, alimrudisha nyuma kwa fimbo. "Usinipime kama unavyowapima wale."

"Mama, nimezoea wateja wasiolalamika," akasema Desderi. "Nivumilie."

Lakini ujuzi wake ulikuwa mwingi. Anayejua mtu anahitaji nafasi kiasi gani ni nani kumshinda fundi wa majeneza? Alitengeneza kitanda chenye masanduku chini yake. Alitengeneza meza ya kukunjwa ukutani, kibao cha kuwekea taa, ndoano ya kila sufuria. Nyumba ilikuwa na upana wa hatua tatu na urefu wa hatua sita, na bibi alipoingia mara ya kwanza aligusa ukuta huu na ukuta ule bila kuhama, akatoka nje akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Alifurahi. Aliwaambia majirani kwamba wenzake huzeekea kwa mtoto mmoja, yeye atazeekea kwa wote watatu.

Hadithi ingekuwa inaishia hapa tungekula tukalala. Haiishii hapa.

Siku moja Desderi alikwenda kijiji cha pili kurudisha randa aliyoazima. Fokasi akaja, akachungulia ndani, akaona sakafu ya mbao. Roho ikamuuma. Hivi watu watasemaje, mama mzazi wa Fokasi anakanyaga mbao kama yuko dukani kwa Mhindi? Kwa watu wa Lukande, nyumba ni saruji. Ukuta unaweza kuwa wa udongo na paa la nyasi, lakini mgeni huangalia sakafu kwanza.

"Nyumba isiyo na saruji ni banda la kuku," akasema Fokasi, akaleta mifuko minne aliyoiweka kwa ajili ya ghala lake, akaimwaga humo ndani, akasawazisha, akatia rangi nyekundu, akang'arisha. Ilipendeza, siwezi kuwadanganya. Mama aliivulia viatu.

Desderi aliporudi aliiona, akainama akachungulia chini ya tela. Akauliza, "Kaka, hii itatembea?"

"Tela hili limebeba magunia arobaini," akasema Fokasi.

Ni kweli lilibeba. Lakini magunia hushushwa, sakafu haishuki. Desderi alikaa ameinama kwa muda, halafu akasimama, akajipangusa magoti, akaenda zake.

Mvua kubwa ikaja. Mto ukameza mti wa mpera, ukameza banda la mbuzi. Ikaitwa trekta ya Gaudensi, dereva mtu mzima ambaye pia ndiye mchomeleaji wa vyuma wa bonde zima. Gaudensi akaitazama njia.

"Tope ni jingi," akasema. "Tungoje jua la siku mbili, nyumba ipande ukingo kwenye pakavu."

"Siku mbili?" akasema Eusebia. "Mzee Gaudensi, mama yangu analala na mto mlangoni. Mimi sijalala wiki nzima. Ivutwe leo."

"Mwanangu, haraka haraka haina baraka."

"Na mto nao ungekuwa unajua methali ningeusubiri. Vuta."

Akavuta. Nyumba ikatikisika, ikapanda ukingo kidogo kidogo, watu wakipiga vigelegele, na mama amesimama pembeni ameshika kuku wake. Karibu na juu kabisa tope likashika gurudumu moja. Gaudensi akaongeza moto. Pakasikika mlio mkavu, na nyumba ikalala upande.

Gaudensi akaingia chini ya tela, akatoka na uso mzito. "Ekseli imekatika. Springi zimelala."

Wakatoa saruji yote kwa nyundo na patasi, kutwa nzima, Fokasi mwenyewe akiwa mbele na machozi yamechanganyika na vumbi. Gaudensi akachomelea. Alipomaliza akawaita watoto wote watatu.

"Nimeunga," akasema, "lakini chuma kilichoungwa hivi kina mwisho wake. Nyumba hii itakwenda safari moja. Ikifika iwekeeni mawe chini na pandeni maua, maana haitatoka tena."

"Tununue ekseli nyingine," akasema Eusebia. Wakatazamana. Aliyekuwa na kitu alikwisha kukitoa.

Hapo undugu ukaingia moto.

Fokasi akasema, "Safari moja basi ni kwangu. Mimi ndiye wa kwanza, na uani kwangu ndiko kuna kaburi la baba. Nilitoa tela nikasukuma baiskeli msimu mzima. Saruji nilikosea, lakini nilikosea kwa heshima. Nilitaka mama asidharaulike."

Eusebia akasema, "Kwako nani atamwosha? Wewe? Mama akianguka kitandani, mwana wa kiume husimama nje akakohoa. Mimi binti yake nitamgeuza na kumwosha. Nilivua paa langu nikampa, na mume wangu mpaka leo anashika mwavuli. Haraka nilikosea, lakini nilikosea kwa hofu. Ningengoja mto ukamchukua, mngenisamehe?"

Wakamgeukia Desderi. Desderi alikuwa anatazama ile ekseli.

"Mimi ni kitinda mimba," akasema, "na kitinda mimba ndiye hubaki na mama, hata desturi inasema. Mwenye nyumba wangu amenipa kona ya ua. Kila ubao humo ndani nimeushika mimi. Wakati nyie mna familia, mimi mama ndiye familia yangu." Akaigusa ekseli kwa kidole. "Na nina neno jingine. Ekseli ile ilikuwa na ufa tangu siku ya kwanza. Niliuona nilipolizunguka tela. Nikauona tena siku ya saruji."

Gaudensi akaitikia kwa kichwa. "Nilijua nilipoichomelea. Ndani mlikuwa na kutu ya zamani."

"Uliona ukanyamaza?" Fokasi akamuuliza mdogo wake kwa sauti ndogo.

"Ningesema, kaka, ungelirudisha tela kwenye mpunga, na ungekuwa na haki. Mama angekuwa leo anaomba chumvi. Nilifikiri nitapata chuma cha kulifunga. Sikupata."

Eusebia akamtazama mdogo wake usoni. "Au ulitaka nyumba ikifika kwako ivunjikie hapo hapo?"

"Dada," akasema Desderi, "hata mimi nimejiuliza."

Wakamwendea mama. Naona kuna watu hapa wameanza kutabasamu, wanasema ah, mama achague, yamekwisha. Hebu msikieni mama mwenyewe.

"Mmenijengea nyumba nikafurahi kuliko siku ya ndoa yangu," akasema Bibi Leokadia. "Nilijua nitazeekea kwenu nyote. Sasa mnataka nitaje jina moja, na wawili waondoke hapa wakijua mama yao aliwaacha. Mimi jina hilo sitalitaja. Nikilitaja ndilo mtakalolikumbuka siku ya kunizika." Alikuwa analia, na hakujificha. Akampa Eusebia kuku wake, Fokasi fimbo yake, Desderi kanga aliyoifutia macho, akapanda ngazi, akaingia, akafunga mlango. Kutoka dirishani akasema tu, "Gaudensi, washa. Maji yamefika kwenye mpapai."

Gaudensi akawasha. Nyumba ya kijani na buluu ikatoka mtoni ikilia kila kiungo, ikaingia barabarani, ikaenda polepole mpaka kwenye njia panda. Kushoto ni vilimani kwa Fokasi. Kulia ni stesheni kwa Eusebia. Mbele ni kanisani kwa Desderi. Watoto walikuwa wametangulia, kila mmoja amesimama kwenye njia yake, na hakuna aliyeita wala kupunga mkono. Dirishani pazia limeshushwa. Gaudensi akakanyaga breki, akageuka kuwatazama watu waliofuata nyuma.

"Haya, semeni," akasema. "Chuma hiki hakiwezi kungoja, na mimi si mwana wa huyu mama."

Watu waliofuata nyuma ndio ninyi. Yupo aliyetoa tela akalielemea kwa heshima, yupo aliyevua paa lake akaharakisha kwa hofu, yupo aliyejenga yote akanyamazia ufa kwa sababu ambayo hata yeye haijui. Nyumba inatembea mara moja tu, na mama yumo ndani.

Je, nani alistahili kumpokea?