Kibali Kimetoka Jana

Kaeni, wapendwa. Wa huko nyuma sogeeni mbele kidogo, viti vipo. Leo nina mfano, na nawaambia mapema kwamba hauchekeshi. Mkininunia nikimaliza, nitaelewa.

Kulikuwa na mwanamume mmoja, muuza vipuri vya pikipiki, mtu mwema, anaimba besi kwenye kwaya ya kanisa lake. Nyumba yake aliijenga kidogo kidogo kama tunavyojenga sote: msingi leo, tofali mwakani, bati likipatikana. Juu ya sebule na chumba kinachofuata alimwaga zege, kwa sababu alikuwa na ndoto ya kupandisha ghorofa. Ghorofa haikuja. Akaweka tangi la maji juu ya lile zege, maisha yakaendelea. Na katika kile chumba kinachopakana na sebule alikuwa anaishi mama yake mzazi.

Sasa binti yake akapata mchumba. Posa ikapokelewa, ikapangwa Jumamosi ya wageni kuleta mahari. Yule baba akasimama katikati ya sebule yake, akaiona ndogo. Mnaijua hali hiyo. Nyumba umeishi miaka yote bila neno, ukisikia tu wakwe wanakuja, makochi yanakuwa mabovu, pazia linakuwa limepauka, na ukuta unakuwa umekaa mahali pabaya. Akauangalia ukuta ulio kati ya sebule na chumba cha mama yake. Akasema, huu ukitoka, hapa panakuwa ukumbi.

Mama yake alikuwa amekaa kitandani, akamsikia.

"Mwanangu, mkiutoa huo ukuta mimi nitaegemea nini?"

Maana miguu ya yule mama ilikuwa mibovu. Kila akiinuka kitandani alikuwa anaweka kiganja ukutani, mpaka rangi ilikuwa imeisha mahali pale.

"Nitakutafutia mkongojo mzuri, mama. Kitanda chako tutakisogeza pembeni, tutakuwekea pazia."

Mkewe naye hakukaa kimya. Akamwambia, "Baba, ukuta huo umebeba zege. Si wa kugusa hivi hivi. Nenda halmashauri kwanza."

Na mke alisema kweli. Wengi wenu mmejenga, mnajua. Ukitaka kupaka rangi, paka. Ukitaka kuziba bati linalovuja, kubadili kitasa, kuweka vigae bafuni, hakuna atakayekuuliza. Lakini ukitaka kuongeza chumba, ukitaka kupandisha juu, ukitaka kuvunja ukuta uliobeba, hapo unachukua mchoro wako, unakwenda, anakuja mtu anaangalia, ndipo unapewa kibali. Si kwamba serikali inaipenda sana sebule yako. Ni kwamba mwenye nyumba huwa haoni vizuri nyumba yake mwenyewe.

"Halmashauri watanizungusha mpaka wajukuu wazaliwe," yule baba akajibu. "Wageni wanakuja Jumamosi hii inayokuja."

Lakini alikuwa mtu wa ibada, moyo ulikuwa unamsuta. Basi kesho yake, Jumapili, ulipofika wakati wa mahitaji ya maombi, akasimama. Akasema, "Wapendwa, nina jambo la nyumba yangu. Nataka kufungua sebule kabla ya wageni. Naomba mniombee nipate kibali."

Kanisa zima likanyoosha mikono. Mchungaji wao akaomba mpaka jasho likamtoka: Baba, mpe mtumishi wako kibali, kila mlango ufunguke, kila kizuizi kiondoke. Wakaitika amina, amina kubwa.

Kibali gani kilichoombwa pale? Nawauliza ninyi. Kwetu kanisani, kupata kibali ni kupendeza machoni pa Mungu na watu. Kule halmashauri, kibali ni mhuri baada ya ukaguzi. Neno ni moja. Na yule baba akaingia katikati ya hayo mawili akajificha, akatoka kanisani mwepesi, anaimba.

Kesho yake fundi akaja na nyundo. Akainua macho akaliona zege, akaiweka nyundo chini.

"Bosi, kibali kipo?"

"Kipo."

"Kimeshatoka?"

"Kimetoka jana."

Fundi hakuuliza tena. Hakuuliza ni ofisi gani inayotoa vibali siku ya Jumapili. Alitaka kazi, na jibu alilopewa lilimtosha. Na mnaona kwamba yule baba hakusema uongo? Ukiyapima maneno yake, moja moja, ni ya kweli. Hilo ndilo linalonitisha mimi katika habari hii.

Ukuta ukatoka. Mama wa watu walikuwa wamemweka kivulini nje, jioni wakamrudisha kwenye kitanda chake, pembeni, nyuma ya pazia. Sebule ikawa pana kweli. Zege halikusogea. Yule baba akamwita mkewe akamwambia, "Umeona? Ulikuwa unaogopa nini?" Mke akaangalia juu, kwenye lile zege.

Kitu kimoja hawakukikumbuka. Wiki ile mtaa wao ulikuwa kwenye mgao, na tangi lilikuwa tupu.

Alhamisi mchana maji yakarudi. Mnajua furaha ya maji kurudi, tena nyumba ikiwa na shughuli. Wakafungulia, wakajaza ndoo, wakajaza mapipa, wakaacha tangi lijae mpaka likamwagika, na watoto wakakimbilia yale maji wakayachezea. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa barazani na mama yake, wanachambua mchele wa wageni. Wakasikia kitu kama lori linamwaga kokoto. Walipogeuka, sebule haikuwepo.

Walimkuta yule mama mzee chini, kando ya kitanda. Alikuwa ameinuka. Wanadhani alisikia juu panalia, akataka kutoka, akanyoosha mkono pale alipouzoea ukuta.

Jumamosi wageni walikuja kama ilivyopangwa. Walikaa nje kwenye turubai, wakala wali wa ule ule mchele. Mahari hawakuitaja, ilirudi nao. Fundi naye alikuja msibani, akamsogelea yule baba, akachuchumaa karibu naye.

"Bosi, nilikuuliza."

"Kanisa zima liliniombea, fundi."

"Sikukuuliza habari za kanisa," fundi akasema. Akainuka akaenda kukaa mbali, na yeye hakuwa na raha, maana alijua nyundo ilikuwa mkononi mwa nani.

Hapo mnasema, basi tumeelewa, mchungaji, yule baba alikuwa mjanja na ujanja ukamponza. Subirini. Sijamaliza.

Kaburini kuna mtu mmoja alishindwa kutupa udongo. Alikuwa muumini wa kanisa lile lile, anakaa benchi la pili, na kazi yake ni mhandisi wa majengo, yuko hapo hapo halmashauri. Mkono ulijaa udongo akabaki nao vile vile mpaka watu wakaanza kutawanyika. Mchungaji akamshika bega, akamuuliza kuna nini.

Akasema, "Mimi nilijua ni kibali gani. Nyumba ile naipita kila asubuhi, lile zege nalijua. Aliposema anafungua sebule, nikajua kabisa. Nikasema moyoni, leo ni Jumapili, nimevaa suti yangu, akitaka ataniona kesho ofisini. Nikanyoosha mkono nikasema amina."

Wapendwa, kutoka benchi la pili mpaka nyumba ile ni mwendo wa kutembea tu. Angeweza kwenda baada ya ibada, akaangalia juu, akasema, ndugu, huu usiuguse. Chai angepewa. Na yule mama angekuwa hai anadai mkongojo wake.

Sasa tuje kwetu. Kibali na kukubali ni neno moja, limezaliwa tumbo moja. Sisi tunadhani anayekubali ni yule wa ofisini, au ni Mungu, sisi kazi yetu ni kupokea. Sivyo. Anayeomba kibali ndiye anayekubali wa kwanza. Anakubali kuangaliwa. Anakubali mtu aingie ndani kwake, apigepige ukuta, amwambie hapana. Sisi tunakitaka kibali, lakini kuangaliwa hatutaki. Tunakuja na jambo ambalo tumeshaliamua, nyundo tumeshainunua, tunaomba kanisa liligongee mhuri. Halafu tukiona Jumatatu zege halijaanguka, tunatoa ushuhuda. Hatujui tangi bado ni tupu.

Na tunaonyoosha mikono je? Kijana anaomba kibali cha ndoa, na humu ndani yumo anayejua ana mke na watoto mkoa mwingine. Dada anaombewa kibali cha safari ya kazi ughaibuni, na yumo anayemjua wakala yule alivyowatenda wengine. Tunajua. Tunasema amina kwa sauti, kwa sababu amina haitugombanishi na mtu. Tunaziita sala, na ni woga wetu tu tumeufumbia macho.

Naumia kusema haya, lakini nimeshasema.

Baada ya wimbo tutaingia kwenye mahitaji ya maombi, kama kila Jumapili. Mtu atasimama hapa aombe kibali, nami nitamwombea. Ila leo, kabla mkono wowote haujanyooka, aliye jirani yake amuulize kwa sauti tuisikie sote: kibali gani? Na wewe unayejua jibu, uliyevaa vizuri hapo ulipokaa, usiniitikie amina. Simama.