Ngumi ya Bibi Harusi wa Mrindi

Zamani, kabla njaa haijajulikana katika milima hii, kila mlango wa kijiji cha Mrindi ulikuwa na ua moja mbele yake. Ua hilo liliitwa lindamvua. Siku hizi watu huliita yungiyungi, nao wanakosea, kwa sababu yungiyungi hukaa majini. Lindamvua lilikuwa ua la nchi kavu, la manjano, lenye tunguu chini ya udongo, na lilisimama wima likitazama juu.

Halikupandwa kwa ajili ya uzuri. Mrindi hupata mvua mbili kabla ya kilimo. Ya kwanza hudanganya: hulowesha udongo kisha hukatika. Ya pili ndiyo ya kweli. Lindamvua halikufunguka kwa mvua ya kwanza. Watu waliliangalia, na lilipofunguka waliteremsha mbegu za ulezi kutoka darini wakaenda kupanda. Ndiyo maana binti alipoolewa, mama yake alichimba tunguu moja la mlangoni akamtia katika mkono wa kulia, naye akalibeba ndani ya ngumi mpaka nyumbani kwa mumewe.

Mara chache lilichipuka moja lisilofanana na mengine: jeupe lenye koo jekundu, au lenye michirizi, au lenye petali zilizorundikana kama kabichi. Hayo yalitupwa korongoni, nungunungu wakayala.

Namkunda, mke wa Senzota, hakuyatupa. Alikuwa na mkono mwema wa kupanda na binti mmoja, Nangasu. Alitaka Nangasu aingie kwa watu na tunguu ambalo mama mwingine yeyote hangeweza kulitoa. Basi kila msimu alichagua yaliyo ya ajabu, na katika hayo alibakiza lililotangulia kufunguka, kwa kuwa la kwanza ndilo lililosifiwa na wapita njia. Ya manjano aliyang'oa.

Wanawake wakaja kumwomba, wa Mrindi na wa ng'ambo ya bonde, naye hakuwa mchoyo. Miaka ikapita hivyo. Likabaki lindamvua moja tu la manjano, mlangoni kwa Nakiete, mama mzazi wa Senzota.

"Mama, mlango wako umezeeka kuliko wewe," Namkunda alimtania.

"Uache uzeeke, mkwe. Hujawahi kulala njaa kwa sababu yake."

Mwaka mmoja mvua ya kwanza ilinyesha, na milango yote ikafunguka maua, meupe, yenye michirizi, yenye koo jekundu. Watu walitoka na majembe. Nakiete alisimama njiani.

"Langu bado," alisema.

"Mama, Mrindi nzima imesema ndiyo," Namkunda alimjibu. "Wewe una ua moja, tena limechoka."

Watu walicheka. Senzota alipanda darini kwa mama yake, akateremsha mbegu zake ili asiachwe nyuma.

"Bakiza kibaba kimoja, mwanangu," Nakiete alimwambia.

Hakubakiza. Aliona aibu watu waseme kwamba shamba la mama yake limepandwa nusu.

Mvua ikakatika. Ulezi uliochipuka ulikauka ukiwa bado mfupi kama ukucha. Kisha mvua ya kweli ikaja, ikanyesha vizuri kuliko miaka mingi, na lindamvua la Nakiete likafunguka. Watu walikuja na majembe yao kwa mazoea, wakasimama mvuani wakilitazama. Hapakuwa na mbegu katika dari yoyote. Ng'ambo ya bonde nako walikuwa wamefuata maua waliyopewa na Namkunda, wakapanda siku ileile. Baadaye walirudi nyumbani.

Njaa ilipoingia, Namkunda alichimba matunguu yake ya ajabu akayachemsha. Yalikuwa machungu, na Nangasu aliyatapika. Alikufa mwezi ule ambao angeolewa.

Namkunda alikwenda kwa mama mkwe wake.

"Nipe lile la manjano, mama. Nimtie mkononi."

"Sasa?" Nakiete aliuliza.

Namkunda alinyoosha kiganja. Nakiete alichukua jembe, akalichimba mwenyewe. Walilitia katika mkono wa kulia wa Nangasu, wakamkunja vidole, wakamzika nalo. Lilikuwa la mwisho.

Liliota pale kaburini. Lakini halikutazama juu tena. Liliinamisha kichwa udongoni, na lilifunguka mvua ikiwa imekwisha, wakati halina cha kumwambia mtu.

Na tangu siku hiyo lindamvua huota makaburini tu, nalo huinama kama mnavyoliona. Mlangoni hakuna anayelipanda. Watu wa Mrindi hupanda kwa kubahatisha, na iko miaka wanayokosea, na miaka hiyo tunaijua kwa makaburi yake. Hata hivyo bibi harusi wa Mrindi bado hutoka kwa mama yake amekunja ngumi ya mkono wa kulia. Akifika kwa mumewe, mama mkwe humfungua vidole, kimoja baada ya kingine, hutazama ndani, kisha humkunja tena taratibu. Hamna kitu.