Kizamacho Ni Changu

Naitupa hadithi!

— Itupe, tuone kama itaelea!

Na ikizama?

— Tutaifuata huko huko!

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma, toa kidole mdomoni.

Hapo kale palikuwa na bwawa lisilo na chura hata mmoja. Bwawa bila chura, jamani! Jua la utosi likiwaka, upepo umekufa, maji yametulia tuli, ungesikia sauti ya mtoto ikitoka chini: "Mamaa, njoo unione." Huyo alikuwa mtoto wa ngiri. Na mtoto wa ngiri alikuwa ameshaliwa zamani.

Mle majini aliishi Mamba. Kila aliyemmeza, sauti yake ilibaki kooni mwa Mamba. Akitaka kusema, alichagua sauti kama mtu anayechagua kanga sandukuni. Na sheria yake ilikuwa moja tu: "Kieleacho ni chenu, kizamacho ni changu." Wakubwa wote wakaikubali. Walisema sheria ni msumeno, wakasahau kwamba msumeno hukata mbele na nyuma.

Na watoto? Watoto waliigeuza mchezo. Mnamjua sange? Yule mnyama mdogo kuliko paka, pua ndefu kama mrija. Basi Sange na nduguye mdogo, Kitunda, walishinda ukingoni wakitupa vitu na kuimba:

"Utaelea au utazama?"

Kifuu: pwa! Kikaelea. Jiwe: chubwi! Likazama. Kikapu cha ukindu: pwa! Kikaelea, kikanywa maji, kikalewa, kikazama. Wakachukua kingine, wakakipaka nta ya nyuki nje na ndani. Hicho hakikunywa hata tone. Donge la udongo: chubwi! Wakachota udongo uleule, wakaufinyanga bakuli: pwa! Likaelea.

"Dada, udongo umekuwa mwepesi?" Kitunda akauliza.

"Sijui. Lakini umekubali."

Punde bakuli likalainika, likamomonyoka, likazama. Wakafinyanga jingine, wakalipaka nta. Hilo lilielea mpaka wakachoka kulitazama.

Siku moja Kitunda akainama kunywa. Ukingo ukateleza, mguu wake mmoja ukaingia majini. Chubwi.

"Mguu umezama," maji yakasema kwa sauti ya mtoto wa ngiri. "Mguu ni wangu. Mwili nao ufuate mguu wake."

Pua ya Mamba ikaibuka taratibu, maji hayakutikisika. Wakubwa wakachungulia kutoka vichakani, wakatikisa vichwa kwa huzuni, wakabaki vichakani. Kitunda akamwita dada yake. Sange naye, tusidanganyane, aliogopa mpaka mkia ukasimama. Lakini alimpenda nduguye kuliko alivyoyaogopa meno.

"Shikamoo, Bwana Mamba."

"Marahaba," akajibu Mamba, safari hii kwa sauti ya mtoto wa swala.

"Bwana, huo ni mguu tu. Tumpime mwili mzima. Akizama, mchukue, na mimi nitajitupa nyuma yake."

Wawili! Mamba akameza mate. "Apimwe. Lakini chombo nachagua mimi." Akaparua ukingo, akatupa donge. Chubwi! Likazama. "Apande udongo."

"Udongo, bwana? Tuonee huruma!" Sange akalia machozi ya mamba mbele ya mamba mwenyewe. "Basi turuhusu tuupake nta, ndugu yangu afe ananukia asali."

"Upakeni hata samli."

Wakafinyanga, wakafinyanga. Wakapaka, wakapaka. Bakuli pana, kuta nyembamba, nta nje na ndani. Kitunda akajikunja ndani yake, Sange akamsukuma.

Pwa.

Bakuli likayumba. Maji yakapanda, yakapanda, yakakaribia mdomo wa bakuli. Chini yake sauti zote za watoto waliomezwa zikaanza kuimba polepole: "Zama, zama, zama." Maji yakaishia hapo hapo. Kijiupepo kikalisukuma bakuli mpaka ng'ambo, na Kitunda akarukia nchi kavu.

"Kieleacho ni chetu," Sange akasema. "Ahsante, bwana. Sasa na wewe utoke, twende nyumbani."

"Mimi?"

"Pua yako naiona. Mgongo wako nauona. Unaelea, kwa hiyo ni wetu. Na baba anatafuta ngozi ya ngoma."

Vichakani wakubwa waliisikia sheria ikisomwa upya. Mamba akaona: akiivunja leo, kesho nani ataiheshimu? Akazama upesi. Pumzi ikamwinua tena.

"Nimezama?"

"Bado, bwana. Meza jiwe."

Kwo! Akameza jiwe. "Nimezama?"

"Bado, bwana."

Kwo! Kila jiwe lililoshuka, sauti moja iliponyoka kooni. Ya ngiri ikatoka, ikaruka juu ya maji kwenda kwa mama yake. Ya swala ikaifuata. Kwo! Kwo! Mwishowe Mamba akabaki na sauti yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Ilikuwa nyembamba, kama ya mtoto mchanga.

"Nimezama?"

"Bado, bwana."

Kwo. Akashuka, hakuonekana tena. Jioni ile vyura walirudi.

Lakini hata leo, ukichota maji pale jua la utosi, kile kisauti kitakuuliza kutoka chini: "Nimezama?" Usikimbie, na usikosee. Jibu, "Bado, bwana," kisha ungoje usikie jiwe likishuka. Siku mtu akimwambia amezama, ataacha kumeza, na atataka kupumua.

Hadithi yangu imefika ng'ambo, aliyelowa ajikaushe.

Na funzo lake ni hili. Watoto, acheni kuchezea maji na matope. Kaeni mtulie, msikilize wakubwa, maana wakubwa ndio waliomwokoa Kitunda. Mmeelewa?

— Bado, bibi!