Gari Lililotoa Salamu Makaburini

Inasimuliwa kwamba jambo la mwisho la kawaida kumtokea Maalim Muhidini, Mwenyezi Mungu amrehemu, kabla mji haujamfanya walii, lilikuwa mkewe kumwekea kikapu cha maandazi ya wanafunzi kwenye kiti cha nyuma cha gari na kumwambia, "Makaburini ukate kona polepole, Maalim. Jana yalimwagika."

Maalim huyo alisomesha madrasa katika mji mmoja wa upande wa Kondoa, enzi ambazo magari ya mji mzima yalijulikana kwa majina ya wenyewe. Lake lilikuwa kuukuu, rangi imebanduka, usukani mpana kama sinia ya pilau. Siku hiyo alimtii mkewe. Alipofika kona ya makaburini, alipozikwa shehe aliyeufundisha mji ule dini, akazungusha usukani taratibu mpaka mwisho. Honi ikalia yenyewe, ikavuta, kisha ikanyamaza.

Kesho yake ikalia tena, palepale. Siku ya tatu watu walikuwa wamejipanga kandokando ya njia.

"Subhanallah! Gari linamsalimia shehe!"

Maalim hakusema ndiyo, wala hakusema siyo. Kunyamaza ni adabu, lakini safari hii kulikuwa na faida pia. Paa la madrasa lilikuwa la nyasi, limeoza, na mvua zilikuwa zimekaribia. Miaka yote aliomba msaada wa paa, watu wakamwambia inshallah. Sasa walileta mabati bila kuombwa, wakayaegemeza ukutani na kuligusa gari kwa ncha za vidole. Bwana Mselem, mwenye duka, aliyaleta mengi kuliko wote.

Basi alasiri moja Maalim alirudi nyumbani akakuta kuni za mkewe, Bi. Mwamvua, zimerundikwa pale anapoegesha gari kila siku. Ikambidi akate usukani wote kushoto, apenye kati ya kisima na zizi la jirani. Honi ikalia. Beberu wa jirani akainua kichwa.

Bi. Mwamvua alikuwa akipepeta mchele. Akamtazama beberu, akamtazama mumewe.

"Na huyu naye ni walii?"

Maalim alicheka mpaka akaegemea mlango wa gari. Kicheko kilipokwisha, akavua kanzu na kuanza kulichunguza gari. Honi yenyewe aliikuta nzima. Kitufe chake kilikuwa kizima. Akauchomoa waya unaopita ndani ya bomba la usukani, akazungusha: kimya. Akaurudisha, akazungusha kulia: kimya. Kushoto, mpaka mwisho: honi ikalia. Akafungua waya wa betri, akalilegeza bomba na kuuvuta ule waya taratibu. Mpira wake ulikuwa umelika kwa kusuguliwa, shaba iko wazi. Usukani ukifika mwisho wa kushoto, shaba iligusa chuma cha bomba, na hilo lilitosha kuiliza honi kama mtu amebonyeza kitufe. Na katika mji ule wa barabara zilizonyooka, kona ya kuufikisha usukani huko ilikuwa moja tu.

"Mke wangu," alisema, "nikiufunga waya huu kimyakimya, watu watasema salamu zimekatika kwa dhambi zao. Nikiuacha, nitasomesha watoto chini ya paa la uongo."

Bi. Mwamvua hakuacha kupepeta. "La nyasi likivuja tunakinga ndoo, Maalim. La uongo tutakinga nini?"

Ijumaa, baada ya sala, Maalim alilileta gari mbele ya msikiti, akazungusha usukani. Honi ikausalimia ukuta. Akawaonyesha waya, akawaeleza.

Bwana Mselem akasogea.

"Kwa hiyo siku zote lilikuwa linaisalimia kona?"

"Lilikuwa halimsalimii mtu, Bwana Mselem. Nami nilipaswa kulichunguza mapema, nikanyamaza kwa tamaa ya paa. Mabati yenu yapo kama mlivyoyaleta. Kila mtu na achukue yake."

Bwana Mselem aliingia garini, akakaa, akazungusha. Honi ilipolia, akaitikia kwa sauti ya adhana, "Waalaykumu salaam!" Msikiti mzima ukaangua kicheko. Wazee wakaanza kugombea zamu ya usukani.

"Maalim," Bwana Mselem aliuliza akipangusa machozi, "hayo mabati ulipanga kuyapigilia kwa kitu gani?"

Maalim akafikiri. "Sikufika huko."

"Mimi nilijua! Walii gani asiyekumbuka misumari? Kesho naleta. Na mabati hayatoki pale."

Halikutoka hata moja. Jioni Maalim akauviringishia waya utepe, akaurudisha mahali pake.

Ndugu zangu, waja wema hawakuwa watu wasioujua utamu wa sifa. Waliuonja kama sisi, wakautema ungali kinywani.

Asubuhi iliyofuata Bi. Mwamvua alikiweka kikapu kiti cha mbele. Maalim alipofika makaburini alikata kona polepole, na honi haikulia. Akalisimamisha gari. Akateremka, akaelekea makaburi, akawatolea salamu waliolala pale kwa ulimi wake mwenyewe na kuwaombea dua. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akafunua kikapu, akala andazi moja lingali la moto.