Papa Aliyejibu Salamu Zote

Nikisema "Bahari," nyinyi semeni "Ina masikio." Bahari! Ina masikio. Hamjala leo? Bahari! Ina masikio. Haya, sasa nyamazeni, tusikilize sisi.

Hapo kale pomboo walikuwa watu wa kelele. Tik tik tik, wanatafuta samaki. Piiii, wanaitana. Na walikuwa na adabu kupita kiasi. Pomboo akisalimiwa, hata awe na samaki mdomoni, atamtema ajibu kwanza.

Papa akaliona hilo, akajifunza kupiga mluzi wa pomboo. Anajibanza kwenye maji ya giza, anaita, "Piiii, hujambo?" Pomboo anajibu, "Piiii, sijambo." Papa anaifuata sauti, kwap! Kesho tena: hujambo, sijambo, kwap! Tumbo linaning'inia, naye hasemi basi.

Alikuwepo pomboo mmoja mdogo wa umbo, jina lake Kidawa, mama wa Shee, mtoto wa kunyonya bado. Salamu hizo zilikwisha kumla dada yake. Kidawa akimtazama Shee roho inamuuma, maana alijua amemlea vizuri mno. Huyu atajibu tu.

Asubuhi moja wako kando ya mwamba, maji yanakupwa. "Piiii, hujambo?"

Shee akafungua mdomo. Kidawa akamziba kwa pezi, akamnong'oneza kwa sauti nyembamba ya kusikiwa na mtoto peke yake, "Ingia chini ya mwamba. Usimjibu mtu. Hata nikikuita mimi, usijibu."

"Si utovu wa adabu, mama?"

"Ndiyo. Leo kosa adabu."

Kidawa akaenda mbali na mwanawe, akapiga mluzi. "Sijambo, ndugu yangu. Wewe je?"

Papa akashtuka. Hajawahi kuulizwa. Lakini pomboo gani asiyejibu? "Sijambo," akasema. Hapo Kidawa akajua aliko, akarudi nyuma kidogo, kuelekea maji mafupi.

"Habari za nyumbani?"

"Njema." Kidawa akarudi nyuma.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo." Akarudi nyuma.

"Na mama mkwe, ule mguu?"

"Umepoa."

Kisha Papa akanyamaza. Kidawa akaogopa kwelikweli. Papa anayesema unajua aliko. Aliyenyamaza anaweza kuwa popote, hata pale alipo Shee. Akapaza sauti, "Kumbe kwenu hamjibu salamu? Basi wewe si pomboo. Ngoja nikawaambie wenzangu."

"Nilikuwa napiga chafya," Papa akasema haraka, karibu kabisa.

"Pole. Shangazi hajambo?"

"Hajambo," akasema Papa, akamrukia kinywa wazi. Kidawa akapenya kwenye upenyo wa mwamba mwingine, chubwi, akatokea ng'ambo. Papa akamfuata, kwaruuu, tumbo likakaa juu ya fungu la mchanga. Maji yakazidi kwenda zao, yakamwacha hapo.

"Dada, nisukume," akalia Papa.

"Na majirani hawajambo?"

"Hawajambo," akajibu Papa, maana alikwisha zoea.

Kidawa akazunguka mbio hadi kwa mwanawe. "Shee, toka." Kimya. "Shee, ni mama." Kimya. Akapiga mluzi wa jina lake, ule aliompa siku ya kuzaliwa. Kimya. Ikabidi ajipenyeze mwenyewe chini ya mwamba, amguse kwa pezi. Shee akamwangalia, akanong'ona, "Nimekosa adabu vizuri?"

"Vizuri sana, mwanangu," akasema Kidawa, akamkumbatia.

Tangu siku hiyo pomboo wanaongea kama kawaida yao, lakini wakisikia sauti ngeni wananyamaza kwanza, wakasikiliza.

Bahari! Imesikia. Nami nimemaliza.

Mnataka funzo? Funzo ni kwamba mkisalimiwa msijibu. Hapana, mama zenu watanifukuza hapa. Basi shikeni hili: adabu ni kitu kibaya sana. Papa alikaa miaka yote bila adabu, akanenepa. Siku moja tu alipojibu salamu zote mpaka ya shangazi, akakauka mchangani.