Jinsi Watu Walivyoanza Kusema "na ya Kutolea"

Mkisikia mtu anasema "na ya kutolea", msidhani neno hilo limeletwa na simu. Ni la kale, na lilimtoka mama mmoja aliyekwisha kuchoka.

Siku hizo chako kilikuwa chako chote. Watu wa Itumbiko waliweka mtama kwenye maghala ya mtemi, kila mtu akapewa kibao chenye alama zake, ndiyo kadi ya wakati huo. Aliyetaka kumpelekea mtu wa mbali aligongewa muhuri kwenye kipande cha gome, nayo ndiyo hundi. Gome likisema pishi tatu, zilitoka pishi tatu.

Kisha mtemi akataka barabara. Akaamuru kila kibao kikionyeshwa kiache konzi moja ya mtama. Watu wakaguna, wakatoa. Mwaka wa pili gome nalo likatozwa konzi. Mwaka wa tatu ikaja konzi nyingine, kule mzigo unakopokelewa. Barabara yenyewe iliishia shambani kwa mtemi.

Nyamizi, mjane, hakuwa mtu wa kwenda ghalani kila mara, na habari za konzi hizo hazikuwa zimemfikia. Binti yake Kabula, aliyeolewa mwendo wa siku mbili, alimpelekea ujumbe kwamba mtoto anatoka usaha sikioni, na mganga anataka pishi tatu kamili kwanza. Nyamizi akaomba gome la pishi tatu. Mzee Kaswende, mtunza ghala, aliligonga muhuri bila kumtajia konzi. Kazi yake ilikuwa kugonga.

Kule Kabula alipewa pishi tatu kasoro konzi tatu. Mganga akapima, akaona hazijatimia, akamrudishia. Ulikuwa mwezi wa njaa, hakuna jirani mwenye konzi ya kuazimisha. Ikabidi mtu atumwe kwa Nyamizi, siku mbili kwenda na mbili kurudi. Mtoto alipona, lakini sikio lile halikusikia tena.

Nyamizi hakwenda kumlalamikia mtemi. Angeanzia wapi? Alilia, akajilaumu mwenyewe, maskini, kana kwamba yeye ndiye aliyechota.

Safari iliyofuata alimwambia Kaswende, "Niandikie pishi mbili, na ya kutolea."

"Ya kutolea ndiyo nini, mama Kabula?"

"Hiyo mtakayochukua, baba. Naiweka mwenyewe, mwanangu asipungukiwe tena."

Wenzake wakaliiga neno. Mtemi alipolisikia alifurahi sana kwamba watu wake wameelewa, akaweka konzi ya nne, juu ya hiyo ya kutolea.

Na tangu siku hiyo hakuna anayetuma kiasi kamili akalala usingizi. Hata anayeomba msaada wa dawa, pamoja na aibu yake yote, humalizia kwa sauti ya chini, "na ya kutolea". Na anayeombwa haulizi tena inakwenda kwa nani. Huongeza tu.